Marejesho ya kodi kutoka IRS: hayaonekani, yamekwama, yamepungua au hayajafika benki

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshatuma ritani ya kodi ya mapato, yaani fomu ya kueleza kipato na kodi yake ya mwaka, kwa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, na sasa anasubiri fedha zake. Umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotajwa kwanza ndiyo inayowapata watu wengi, na za nadra zinakuja nyuma. Fuata mpangilio huo hata kama hatua za mwanzo zinaonekana rahisi mno, maana "marejesho yaliyopotea" mara nyingi ni namba moja iliyoingizwa vibaya, au ritani ambayo haikupokelewa kabisa.

Onyo moja linatangulia yote: ritani ikishapokelewa, usitume nyingine ya mwaka uleule kwa sababu tu ya kwanza imechelewa. Ya pili haiisukumi ya kwanza. Mfumo unaona ritani mbili za mtu mmoja, unazuia fedha, na faili linasubiri mfanyakazi alikague mwenyewe. Kuchelewa kwa wiki tatu kunageuka kuwa miezi.

Viweke mkononi kwanza

Tafuta nakala kamili ya Form 1040, fomu kuu ya ritani, uliyotuma. Risiti ya aliyekuandalia haitoshi, wala picha ya ukurasa mmoja aliyokutumia kwa WhatsApp. Anayeandaa ritani kwa malipo analazimika kisheria kukupa nakala, kwa hiyo idai. Kwenye ukurasa wa pili angalia mistari hii:

- 35a: kiasi unachotakiwa kurejeshewa. Hii ndiyo namba utakayoulizwa.
- 35b: namba ya benki yenye tarakimu tisa.
- 35c: aina ya akaunti, ya matumizi au ya akiba.
- 35d: namba ya akaunti itakayopokea fedha.

Kisha fungua ukurasa wa Where's My Refund katika IRS.gov, au programu ya simu ya IRS2Go. Utaulizwa namba yako ya SSN (ya Social Security, mamlaka ya hifadhi ya jamii) au ITIN (namba ya kodi ya asiyeweza kupata SSN), mwaka wa kodi, hali ya ndoa uliyoiandika kwenye ritani, na kiasi cha mstari wa 35a. Habari za ritani ya mwaka huu iliyotumwa kwa kompyuta huanza kuonekana saa 24 baada ya kupokelewa. Ya miaka ya nyuma huchukua siku 3 au 4, na ya karatasi wiki 4. Ukurasa hubadilishwa mara moja kwa siku, kwa kawaida usiku, kwa hiyo kuufungua kila saa hakukupi kipya.

Wengi waliotuma kwa kompyuta hulipwa ndani ya siku 21. Kwa karatasi, hesabu wiki 6 au zaidi.

Ukurasa huo ni mzuri, lakini unasema machache mno. Anayetaka kujua kinachoendelea hasa afungue akaunti yake mwenyewe katika IRS.gov, athibitishe utambulisho wake kwa kitambulisho na picha ya uso, kisha achukue hati iitwayo Account Transcript. Hapo kila tukio lina msimbo na tarehe:

- 150: ritani imeingia kwenye mfumo na kodi imekokotolewa.
- 806: kodi iliyokatwa kwenye mshahara. Ilinganishe na kisanduku cha 2 cha W-2 zako zote, yaani fomu za mshahara wa mwaka kutoka kwa waajiri.
- 766 na 768: nafuu za kodi zilizokubaliwa. 768 ni ile ya wenye kipato kidogo, EITC.
- 570: fedha zimezuiwa kwa muda. 571: zimeachiwa.
- 971: kuna barua inayokuja.
- 826: sehemu imekatwa kulipa kodi ya mwaka mwingine. 898: imekatwa kulipa deni la idara nyingine.
- 846: marejesho yametolewa. Tarehe iliyo kando yake ndiyo siku ya malipo.
- 841: fedha zimerudi IRS.

Alama ya kutoa huwatisha watu bure. Kwenye hati hii, salio lenye alama hiyo, mfano -$1,250.00, maana yake IRS ndiyo inayodaiwa. Tarehe iliyo karibu na maneno "as of" nayo si ahadi ya malipo. Ni tarehe ya kukokotolea riba na adhabu tu, hivyo usiitegemee.

Dalili ya 1: Ukurasa haukutambui, au hauna habari yoyote

Kiasi ulichoingiza si chenyewe. Makosa ni yaleyale kila msimu: mtu anaingiza kiasi kilichobaki baada ya ada ya aliyemwandalia ritani, au anajumlisha marejesho ya serikali kuu na ya jimbo. Ingiza mstari wa 35a peke yake, dola nzima bila senti. Marejesho ya jimbo hufuatiliwa kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi ya jimbo lako, na anayeishi Texas, Florida, Tennessee au Washington hana marejesho hayo kwa sababu mshahara wake hautozwi kodi ya jimbo.

Mwaka si wenyewe. Ritani iliyotumwa mwanzoni mwa 2026 ni ya mwaka wa kodi 2025.

Hali ya ndoa hailingani. "Single" (asiye na mwenzi) na "Head of Household" (mkuu wa kaya) ni vitu viwili tofauti. Soma juu ya ukurasa wa kwanza wa Form 1040 uone kisanduku kilichowekewa alama, usibahatishe. Ukikosea mara kadhaa ukurasa unajifunga kwa saa 24, na hapo uache hadi kesho yake.

Ritani ilikataliwa. Kama namba zote ni sahihi na saa 24 zimepita, rudi kwenye programu uliyotumia au kwa aliyekuandalia, uulize neno moja: "Accepted" au "Rejected"? "Transmitted" haitoshi, maana yake imeondoka tu. Ikikataliwa, machoni pa IRS haijawahi kutumwa, na kuirekebisha na kuituma tena si kosa lile la ritani mbili. Sababu za kukataliwa ni hizi hasa:

1. Jina halilingani na SSN. Mfumo hulinganisha namba hiyo na herufi nne za kwanza za jina la ukoo lililoko Social Security. Wenye majina matatu au manne, na waliopangiwa majina upaya kwenye karatasi za kuingilia nchini, hukwama hapa sana. Andika jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security hata kama hupendi mpangilio wake, kisha ukalibadilishe katika ofisi zao baadaye. Tarehe ya kuzaliwa hukaguliwa vivyo hivyo, jambo la kuangaliwa na familia ambazo kila mtu amesajiliwa tarehe 1 Januari.
2. Kipato cha mwaka uliopita hakilingani. Namba hiyo hutumika kama saini yako ya kielektroniki. Ichukue kwenye mstari wa 11 wa Form 1040 ya mwaka jana. Kama hukutuma ritani mwaka jana, au ilichelewa sana kushughulikiwa, weka 0.
3. Mtoto ameshatajwa na mtu mwingine. Omba namba ya siri ya IP PIN kupitia akaunti yako ya IRS. Kuanzia msimu wa 2025, ritani ya mwaka huu yenye IP PIN ya mlipakodi hupokelewa kwa kompyuta hata kama mtoto ametajwa kwingine. IRS itaamua baadaye nani ana haki, kwa hiyo weka tayari barua ya shule na ya kliniki zinazoonyesha mtoto anaishi wapi.

Ritani iliyokataliwa karibu na mwisho wa muda hupewa siku 5 za kurekebishwa na kutumwa tena kwa kompyuta. Usizipoteze.

Ulituma karatasi pamoja na ombi la ITIN. Form W-7 hushughulikiwa kwanza. Muda ni kama wiki 7, na hufika wiki 9 hadi 11 kati ya tarehe 15 Januari na 30 Aprili. Hesabu ya marejesho huanza baada ya hapo.

Dalili ya 2: "Return Received" haibadiliki

Kabla ya siku 21 hakuna tatizo, hata kama jirani aliyetuma siku moja na wewe ameshalipwa.

Kama ulidai EITC au nafuu ya ziada ya mtoto, sheria ya mwaka 2015 inaizuia IRS kulipa marejesho yako kabla ya katikati ya Februari. Yanazuiwa yote, hata sehemu isiyohusiana na nafuu hiyo. Aliyetuma Januari mwishoni asitegemee kuona fedha kabla ya mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi.

Siku 21 zikipita, chukua Account Transcript. Ukikuta 570 peke yake, mara nyingi wanalinganisha W-2 zako na zilizoletwa na waajiri. Subiri wiki moja au mbili uone kama 571 itaonekana. Ukikuta 570 na 971, barua iko njiani, na bila barua hiyo huwezi kurekebisha kitu. Ukikuta hati tupu isiyo na 150, ritani bado haijaingia kwenye mfumo. Hapo kinachotafutwa mara nyingi ni uthibitisho kwamba wewe ndiye uliyeituma.

Dalili ya 3: Umeambiwa usubiri barua, au barua imefika

Kama umehama, nenda kwenye anwani iliyoandikwa kwenye ritani ukaulize, na angalia pia akaunti yako ya IRS, maana barua nyingi huwekwa humo. Wapo waliokaa miezi wakisubiri fedha huku barua iko mlangoni kwa mpangaji mwingine.

Namba ya barua iko kwenye pembe ya juu au ya chini kulia.

5071C na 4883C: thibitisha utambulisho. 5071C hukamilishwa mtandaoni, 4883C kwa simu. 5747C hukutaka ofisini ana kwa ana. Uwe na ritani yenyewe, ya mwaka uliotangulia, na W-2. Ukimaliza, malipo yanaweza kuchukua hadi wiki 9. Kama ritani hiyo hukuituma wewe, sema hivyo palepale: mtu ametumia namba yako.

CP05: wanakagua kipato au kodi iliyokatwa. Barua yenyewe inasema usubiri siku 60. Usitume kitu kama hukuombwa. CP05A ndiyo inayoomba nyaraka, nayo ina tarehe ya mwisho.

12C: kuna fomu inakosekana. Kwa walionunua bima ya afya kwenye soko la serikali, karibu kila mara ni Form 8962, inayojazwa kwa kutumia 1095-A, taarifa ya mwaka ya bima hiyo. Jaza fomu hiyo, utume kwa faksi au posta kama barua inavyoelekeza, na nakala ya barua iwe juu. Hapa watu huharibu kwa kutuma Form 1040-X, fomu ya kurekebisha ritani. Usifanye hivyo: ritani ya awali haijamalizika, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha bado.

Chunga namba za simu. Tumia iliyoko kwenye barua baada ya kuilinganisha na IRS.gov. IRS haianzi kukutafuta kwa ujumbe wa simu au WhatsApp ikikuomba namba ya benki, na hakuna mtu wa kulipwa "aharakishe" marejesho. Anayekuahidi hivyo anataka SSN yako.

Dalili ya 4: Fedha zimekuja pungufu

Chukua mstari wa 35a, utoe kiasi kilichoingia benki. Tofauti hiyo ndiyo inayokuambia uangalie wapi.

Ada ya aliyekuandalia. Kama ulikubali ada ikatwe kwenye marejesho, fedha hupita kwanza benki ya kati. Inakata ada ya ritani, ada yake yenyewe, na mkopo wa marejesho kama uliuchukua. IRS haihusiki. Dalili yake: msimbo 846 una kiasi kamili cha 35a, lakini benki yako imepokea kidogo. Soma mkataba uliosaini.

IRS imesahihisha hesabu. Utapata CP12 inayoeleza mstari uliobadilishwa. Sababu ya kawaida kwa familia zilizofika karibuni ni mtoto asiye na SSN inayoruhusu kazi: huyo hapati nafuu kamili ya mtoto bali ile ya $500. ITIN iliyoisha muda, kwa mfano isiyotumika kwenye ritani kwa miaka 3 mfululizo, nayo hufuta nafuu. Usipokubaliana, wasiliana nao ndani ya siku 60 tangu tarehe ya barua. Siku hizo ni muhimu kuliko zinavyoonekana, kwa sababu zikipita unapoteza haki ya kuwafanya wabatilishe badiliko kwanza na kulithibitisha baadaye.

Deni la kodi ya mwaka mwingine: msimbo 826, barua CP49.

Deni la idara nyingine: msimbo 898. Hapa ni matunzo ya mtoto, mkopo wa elimu wa serikali, kodi ya jimbo, au mafao ya ukosefu wa kazi uliyolipwa kimakosa. Piga 800-304-3107, simu ya Treasury Offset Program, mashine itakutajia idara inayokudai. Usibishane na IRS kuhusu deni hilo, hawawezi kulifuta. Zungumza na idara yenyewe.

Deni likiwa la mwenzi wako peke yake na mlituma ritani pamoja, jaza Form 8379 udai sehemu yako. Ikitumwa peke yake baada ya makato, hushughulikiwa kwa wiki 8 hivi.

Na kiasi kikizidi? Mara nyingi ni riba: IRS hulipa riba ikichelewa zaidi ya siku 45 baada ya mwisho wa muda wa kutuma, au baada ya siku uliyotuma kama ulichelewa. Riba hiyo ni kipato cha mwaka uliolipwa. Lakini kama zidio ni kubwa na hakuna barua, usitumie fedha hizo.

Dalili ya 5: "Refund Sent", lakini benki hakuna kitu

Ipe benki hadi siku 5 za kazi baada ya tarehe ya 846. Baada ya hapo, kagua kwa mpangilio huu.

Linganisha 35b na 35d na akaunti yako, tarakimu kwa tarakimu. Kama akaunti si yako, uliza kwanza ikiwa ni ya benki ya kati iliyotajwa kwenye mkataba wa ada.

Kama namba ilikosewa na akaunti haipo, benki huzirudisha fedha, 841 inaonekana, na barua ya CP53 inafuata. Kuwa mwangalifu na barua hizo siku hizi. Tangu tarehe 30 Septemba 2025 IRS imeanza kuondoa hundi za karatasi kwa watu binafsi, na CP53E inakuomba uweke akaunti ya benki kupitia akaunti yako ya IRS ndani ya siku 30.

Kama familia nzima inatumia akaunti moja, kumbuka akaunti moja hupokea marejesho 3 tu kwa mwaka. Ya nne hayaingii humo.

Kama namba iliyokosewa ni akaunti halali ya mtu mwingine, hali ni ngumu zaidi. Zungumza na benki, kisha uombe IRS ifuatilie kwa Form 3911. Benki hupewa hadi siku 90 kujibu, na kama mwenye akaunti amezitumia, IRS haiwezi kuilazimisha benki izirudishe.

Kama akaunti ni ya aliyekuandalia ritani, acha kujadiliana naye. Marejesho hayaruhusiwi kuingia akaunti yake. Toa ripoti kwa Form 14157 pamoja na 14157-A, ukiambatanisha nakala ya ritani aliyokupa. Hapa ndipo nakala hiyo inapokuwa na thamani ya fedha zote.

Dalili ya 6: Ritani iliyorekebishwa haionekani

Where's My Refund haionyeshi Form 1040-X. Tumia Where's My Amended Return au simu 866-464-2050, kuanzia wiki 3 baada ya kutuma. Kawaida ni wiki 8 hadi 12, na huweza kufika 16.

Wakati wa kupiga simu, na wakati wa kutafuta mtaalamu

Piga 800-829-1040, saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni kwa saa za kwenu, kama siku 21 zimepita kwa kompyuta au wiki 6 kwa karatasi, au ukurasa wenyewe umekuagiza. Mtu akipokea, sema "Swahili interpreter, please". Mkalimani ni bure. Usimtumie mtoto kutafsiri mambo ya kodi.

Acha kujaribu peke yako na utafute msaada ikiwa:

- umepokea barua ya ukaguzi, au msimbo 420 umeonekana;
- kuna ritani kwa jina lako ambayo hukuituma;
- nafuu za watoto zimekataliwa na barua inataja kufungiwa miaka 2 au 10;
- unakaribia kufukuzwa nyumbani au kukatiwa umeme kwa sababu ya fedha hizi.

Kwa hali hii ya mwisho, piga Taxpayer Advocate Service, 877-777-4778, au ujaze Form 911. Ni ofisi ndani ya IRS inayowatetea walipakodi, nayo haitozi kitu. Watakuomba ushahidi, kwa hiyo shika notisi ya mwenye nyumba au bili iliyopitiliza. Kwa mabishano na IRS, wenye kipato kidogo wana kliniki za kodi zinazoitwa LITC, za bure au za ada ndogo, ambazo kwa kawaida huchukua kesi zisizozidi $50,000. Orodha yao iko kwenye IRS Publication 4134, kwa kila jimbo.